Dole gumba la bibi na muhuri wa LC

Bibi mmoja wa kule Arua, Uganda, asiyejua kusoma, aliletewa karatasi na kidau cha wino. Akaambiwa ni fomu ya pesa za wazee, zile shilingi 25,000 kwa mwezi ambazo serikali huwapa waliofikisha miaka 80. Akabonyeza dole gumba. Kumbe ni mkataba wa kuuza shamba, na muhuri wa mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, ulishagongwa. Aliyeileta karatasi ni mwanawe wa kumzaa.

Visa kama hivi ndivyo vinavyowafanya wengi Uganda wadai sheria ya jinai iwabane zaidi wanaowadhulumu wazee. Wana hoja. Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya 2010 inatambua hata dhuluma ya mali ndani ya familia, lakini mwisho wa adhabu yake ni miaka 2 jela, faini ya shilingi 960,000, au vyote viwili. Shamba lina bei kubwa kuliko hiyo faini.

Ila tufungue pia Kanuni ya Adhabu, sheria kuu ya makosa ya jinai. Humo, anayeghushi hati ya umiliki wa ardhi anaweza kufungwa maisha, na anayemdanganya mtu ili atie sahihi asichokijua huadhibiwa kama aliyeghushi. Ukali basi upo, tena wa kutisha. Kinachokosekana ni mlalamikaji. Bibi huyu hatakwenda polisi. Mtoto huyohuyo ndiye anayemchotea maji, ndiye atakayemzika. Ukimwambia kifungo cha maisha, ndiyo kwanza atafunga mdomo.

Wapo pia wanaokumbusha kwamba sheria kali huweza kumgeukia mzee mwenyewe. Sheria ya Uchawi ya 1957 iliruhusu mahakama kumfukuza kwake mtu aliyetiwa hatiani kwa uchawi; mwaka 1997 Mahakama ya Katiba ikaitupa amri ya kumhamisha mwanamume wa Apac kwa miaka 10. Na kijijini, anayenyooshewa kidole cha uchawi mara nyingi ni kikongwe mwenye ardhi.

Mimi naunga mkono sheria kuimarishwa, lakini si kwa kuongeza miaka ya jela. Mwenyekiti anayegonga muhuri bila kumsomea mzee karatasi kwa lugha yake, mbele ya majirani, ashtakiwe yeye. Jirani au mjukuu aruhusiwe kuyazuia mauzo bila kumsubiri bibi ashtaki. Na shamba lirudi kwanza, kabla ya kuulizana nani afungwe.