Choo chenyewe kilishafungwa zamani

Wadau, video najua mmeshaiona. Shemeji yangu kairusha kwenye kundi la familia tangu jana usiku, na juu yake kaandika: "Msomi wetu katumbukia chooni Ulaya." Sasa tuwekane sawa. Choo chenyewe hakijatumika kwa zaidi ya miaka 1,600. Mnaoniuliza kama nimeoga, nimewaona, na majina nimeyahifadhi.

Haya. Shem ni mgeni, mimi ndiye mwenyeji, na mwenyeji wa Newcastle asipompeleka mgeni kwenye Ukuta wa Hadrian, ule wa askari wa Kirumi kaskazini mwa Uingereza, atampeleka wapi? Asubuhi tulianzia Vindolanda, ngome iliyo kusini kidogo ya ukuta. Nikamsimulia zile barua za wino zilizofukuliwa matopeni: mojawapo inamwambia mtu ametumiwa soksi, jozi mbili za ndala na chupi mbili. Shem akacheka, "Kumbe na wao walikuwa wanatumiwa vifurushi kutoka nyumbani!" Nikajiona profesa. Ndipo nilipoharibika.

Mchana tukapanda kilima cha Housesteads, upepo unakupiga mpaka kwenye fizi. Ngome ya askari kama 800, nikamvusha mbiombio hadi kona ya chini kabisa, kwenye choo cha jeshi. (Msijifanye mngeanzia kwingine. Kila mtu pale anataka kuona choo.) Walikiweka bondeni makusudi ili maji ya mvua yateremke yasombe kila kitu. Mfereji wa mawe huku, mwingine kule, na katikati kijifereji chembamba ambacho tunaambiwa walisuuzia sifongo zenye vijiti. Sifongo za kupokezana, ndugu zangu. Endeleeni kula.

Shem akawasha kamera. "Eleza, shem." Nikaeleza. Mnanisikia wenyewe, sauti nzito ya mtu wa vitabu: "Juu ya mfereji huu palikuwa na viti vya mbao vyenye matundu, ila mbao zilishaoza zamani sana." Kisha, sijui shetani gani alinisukuma, nikaongeza: "Askari alikuwa anakaa HIVI."

Nikakaa.

Ngoja niwape polepole, maana video imekatwa vibaya. Nilikunja magoti. Nikapandisha koti kwa nyuma, kistaarabu, lisije likachafuka. Makalio yakaanza safari. Yakafika pale ubao ulipotakiwa kuwepo, yakasubiri kupokelewa, hakuna aliyeyapokea. Nikiwa bado hewani nikakumbuka sentensi yangu mwenyewe, neno kwa neno, hasa lile "zamani sana". Mikono ikatafuta cha kushika, ikashika upepo. Nikauona uso wa shem ukitoka kwenye heshima ukiingia kwenye furaha. Mtu anamwona mume wa dada yake anazama, yeye anavuta picha karibu!

Chubwi! Maji ya mvua, tope, majani. Kiuno kimebanwa na mawe ya Kirumi, miguu juu, soli za viatu zinaitazama mbingu ya Uingereza. Ya kushoto ina tundu. Mmeliona, najua.

Kimya. Nikainua kichwa: watoto wa shule, darasa zima, wamejipanga ukingoni na makoti yao ya njano. Mmoja akamuuliza mwalimu wake kama mimi ni sehemu ya maonyesho. Mwalimu, Mungu ambariki, alifikiria kidogo kabla ya kujibu.

Mzee mmoja mwenye mbwa akanivuta nikatoka. Mbwa akaninusa, akarudi nyuma. Basi la huko linaitwa AD122, kwa sababu ukuta ulianza kujengwa mwaka 122. Nilisimama mwanzo wa safari hadi mwisho, viti vitupu, kwa kuwaonea huruma abiria watakaokuja. Shem alikaa. Alikuwa anaandika.

Leo alfajiri simu ikaita kutoka Tanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, huko chooni wamekutoa?"

Nikaanza kumweleza habari za Warumi, mbao, mmomonyoko, miaka 1,600. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa subira ile ya mama anayejua mtoto wake anadanganya.

"Sawa baba. Kuna mtu wa hapa mtaani anakuja huko mwezi ujao. Nikupe chupi mbili akuletee?"