Ukiskani postikadi ya zamani, geuza na nyuma

Hii kitu inaniuma kila nikiiona. Mtu anapata postikadi ya zamani ya mji, anaiskani upande wa picha, anaongeza mwanga kidogo, anaiposti na kapsheni ya "enzi hizo", watu wanalaiki na kusema jamani mji ulikuwa mzuri, kisha kadi inarudi kwenye boksi au inauzwa. Nyuma hakuna aliyeangalia. Yaani kwa mtu anayetafuta historia ya mji hapo nusu ya ushahidi imeachwa, na kwa maoni yangu mara nyingi ile nusu iliyoachwa ndo nzito zaidi.

Tukumbuke kwanza kwamba postikadi ilianza bila picha yoyote. Austria-Hungary ndo walioitoa, tarehe 1 Oktoba 1869, kikadi kitupu cha kuandikia maneno machache kwa bei ya chini kuliko barua, Uingereza wakafuata 1870 na Marekani 1873. Picha zilikuja kushika kasi miaka ya 1890, na kuanzia hapo mpaka Vita Kuu ya Kwanza watu walitumiana kadi kama sisi tunavyotumiana meseji, maana kwenye miji mikubwa ya Ulaya posta ilipita mara kadhaa kwa siku na mtu aliweza kuandika asubuhi kwamba nakuja jioni, kadi ikamtangulia. Sasa biashara ya namna hiyo inataka picha mpya kila mara. Wapigapicha wakipiga kanisa kubwa na ikulu, vikiisha hivyo wanahamia stesheni, posta, daraja, hospitali, shule, mtaa wa maduka, kona isiyo na chochote cha ajabu. Mchoraji hakuna ambaye angemlipa akachore ile kona, na gazeti lisingeipa nafasi, lakini kadi iliibeba, na leo ukitaka kujua kona ile ilikuwaje unaweza usipate pengine popote. Walker Evans, mpigapicha mkubwa wa Marekani, alikusanya kadi kama 9,000 ambazo sasa ziko Metropolitan Museum kule New York, na alizipenda zile za mitaa ya kawaida kuliko za vivutio. Mimi niko naye kabisa kwenye hilo.

Halafu kadi zilitawanyika, na kutawanyika ndo kuliziokoa. Chukua San Francisco. Tetemeko la 18 Aprili 1906 na moto uliofuata viliharibu sehemu kubwa ya mji pamoja na kumbukumbu nyingi za serikali ya mji, ila kadi ambazo watu walishazituma kwa ndugu zao miji mingine zilikuwa salama kwenye albamu za watu. Na baada ya janga posta ya pale ilikubali kubeba barua bila stempu, watu wakawa wanaandika kwenye chochote walichonacho, vipande vya boksi, hata kola za mashati. Kitu kama hicho hakina picha mbele. Ni maneno, anwani na mhuri wa posta tu, na bado ni ushahidi wa mji kuliko picha nyingi za maghofu zilizouzwa baadaye. Kingine, wachapishaji wenyewe nao walipoteza vyao: makao makuu ya Raphael Tuck & Sons pale London yalipigwa mabomu usiku wa 29 Desemba 1940 na akiba yao ya picha asilia ikateketea, kwa hiyo ukitaka kuona walichochapisha unategemea kadi zilizoko mikononi mwa watu.

Sasa tugeuze kadi. Kitu cha kwanza kabisa angalia kama nyuma kuna mstari wa kugawa katikati. Zamani upande ule ulikuwa wa anwani peke yake, ujumbe ulibidi uubane upande wa picha, ndo maana unakuta kadi za zamani zimeandikwaandikwa juu ya anga au pembeni ya jengo na watu wanadhani ni mtoto alichezea. Uingereza waliruhusu kugawa nyuma mwaka 1902, Marekani 1907. Kwa hiyo kadi ya Uingereza yenye mstari katikati haiwezi kuwa imechapishwa 1895 hata muuzaji aape. Jambo dogo tu hilo lakini linamaliza ubishi mwingi sana, na mtu aliyeskani mbele peke yake hawezi kulijua.

Mhuri wa posta nao unasaidia ila usiupe imani yote. Unakwambia kadi ilitumwa lini, haukwambii picha ilipigwa lini, na picha ileile iliweza kuuzwa miaka mingi mpaka jengo lililomo likawa limeshabomolewa. Mhuri unakupa mwisho, yaani picha haiwezi kuwa ya baada ya hapo. Mwanzo wake unautafuta ndani ya picha yenyewe, reli za tramu, nguzo za umeme, aina za magari, jengo lililopo na lisilokuwepo. Mfano mzuri ni Beit al-Ajaib ya Zanzibar. Kabla ya mashambulizi ya Waingereza ya 27 Agosti 1896 mnara ulisimama peke yake mbele ya jengo, baada ya hapo mnara wa saa ukajengwa kwenye jengo lenyewe, basi ukiangalia mnara uko wapi umeshajua uko upande gani wa mwaka ule. Na kwa kuwa sehemu ya jengo hilo pamoja na mnara ilianguka Desemba 2020, picha za zamani za aina hii zimekuwa na kazi nyingine nzito kuliko kupendeza.

Kuna wachapishaji waliotuachia mpaka namba. Curt Teich wa Chicago, aliyeanza biashara 1898 na kampuni yake ikaja kuwa kubwa sana kwenye kadi za Marekani, kadi zake nyingi zina namba ambayo ukijua kuisoma ni kalenda: herufi A ni miaka ya 1930, B ni ya 1940, C ya 1950, na tarakimu iliyotangulia herufi ndo mwaka wenyewe, kwa hiyo 5A ni 1935. Nyaraka za kampuni hiyo ziko Newberry Library hapohapo Chicago. Wakati mwingine namba hii imechapwa pembeni kabisa, na hapo anakuja mtu na programu ya simu anakata kingo za picha ili ionekane safi. Inasikitisha.

Haohao Curt Teich lakini ndo wanaonifanya niseme tusiiamini sana picha. Kwenye ofisi za wachapishaji kulikuwa na wasanii wa kurekebisha picha, wanafuta nguzo na nyaya, wanaondoa takataka, wanaongeza mawingu, wanachora magari mapya ili mji uonekane umechangamka, picha ya mchana inatiwa rangi ya bluu na mwezi inauzwa kama ya usiku. Rangi nazo mara nyingi ziliwekwa na mtu ambaye hajawahi kufika mji ule, anafuata maelezo ya karatasi au anakisia. Ukiona ukuta mwekundu kwenye kadi ya 1910 usikimbilie kusema ukuta ulikuwa mwekundu. Zinazoaminika zaidi ni zile kadi za picha halisi, zilizosafishwa moja kwa moja kwenye karatasi ya picha na siyo kuchapwa kiwandani. Kodak walitoa kamera yenye filamu ya saizi ya postikadi mwaka 1903 na kuanzia hapo hata fundi wa mji mdogo aliweza kutoa kadi chache za moto wa jana, mafuriko, maandamano, mazishi. Nyingine zilitoka nakala mbili tatu tu.

Mafuriko ya Paris ya Januari 1910 ndo yananionyesha vizuri pande zote mbili zikifanya kazi pamoja. Mto Seine ulifika mita 8.62 kwenye kipimo cha daraja la Austerlitz, wachapishaji wakatoka na kadi chungu nzima zenye jina la mtaa na mara nyingine tarehe, maboti barabarani, watu wanatembea juu ya mbao. Kipimo kinakupa namba moja ya mto. Kadi inakuonyesha maji yamefika wapi kwenye mlango wa duka fulani katika mtaa fulani, na ukibahatika kupata iliyoandikwa wiki hizohizo, mwandishi anakwambia nyumbani kwake hali ikoje. Vitu vitatu hivyo ukivilaza meza moja umepata siku ya mji.

Ila kuna watu kadi haziwataji, na hili lazima tuliseme. Miji ya Afrika wakati wa ukoloni ilipigwa picha sana. Edmond Fortier wa Dakar peke yake alitoa maelfu ya kadi. Majengo ya serikali yana majina, mitaa ina majina ya magavana, lakini mtu aliyesimama mbele ya kamera anaandikwa kabila lake au kazi yake tu, na nyuma kadi imeandikwa na mgeni anayeandikia kwao. Ukiacha kusoma nyuma unaweza kudhani picha ile ilikuwa ya wenyeji. Ukisoma unajua iliuzwa kwa nani na alitaka kuona nini, ndo unaelewa kwa nini mitaa waliyoishi watu wengi wa mji haionekani au inaonekana kwa mbali.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaohifadhi hizi kadi, wawe na boksi moja au maktaba nzima: skani mbele na nyuma, kingo zote zibaki, faili mbili zikae na jina moja. Kapsheni iandikwe kama ilivyochapwa hata kama jina la mtaa limekosewa, masahihisho yako yaweke pembeni. Ujumbe wa mkono uuchape hata kama unasema tu tumefika salama, na wale waliotia alama ya msalaba kwenye dirisha kusema hapa ndo chumba changu muwaangalie kwa makini maana wameunganisha mtu na jengo kwa wino. Na tafadhali sana msibandue stempu. Ikibanduliwa inaondoka na nusu ya mhuri, na tarehe iko humo.