Bibi Alikataa Zege

Bibi yetu alituachia agizo moja: "Msinifunike kwa zege." Tulimzika Mpwapwa mwezi Novemba, mvua bado hazijaanza, na agizo hilo nusura litugawe. Shangazi alisimama chini ya turubai akauliza, "Mnataka watu waseme tumemtupa mama?" Kimya kikatanda. Misiba yetu mingi inaendeshwa na swali hilo kuliko dini, kuliko hata mila.

Kwa kuogopa maneno ya watu tunakopa. Tunanunua jeneza la mninga, mti unaohitaji miongo ya miaka kukomaa, likatazamwe saa chache kisha lifukiwe. Halafu saruji na vigae. Utengenezaji wa saruji peke yake unachangia asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani.

Ila kinachoniuma zaidi ni mashada. Pita makaburini hapa Dodoma mwezi Julai, upepo unapovuma. Utepe uliokuwa wa zambarau umepauka, maandishi ya "Pumzika kwa Amani" yamefutika, nailoni zimenasa kwenye miiba ya mikungugu na mbuzi wanazitafuna. Maua ya plastiki yamelala yamepasuka, hayaozi. Juni 2019 nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, nasi tukaendelea kuwapelekea marehemu wetu plastiki kwa jina la heshima.

Na njia nyingine tunaiona kila siku. Nenda Kondoa kwenye mazishi ya Waislamu. Maiti anaoshwa, anavishwa sanda, anabebwa kwenye jeneza la msikiti ambalo kesho litambeba mwingine. Analazwa kwa ubavu wa kulia akielekea kibla, mbao zinapangwa, udongo unarudishwa. Mara nyingi ni siku hiyohiyo, bila dawa ya kuhifadhi mwili. Hakuna anayesema ametupwa.

Sisi Wakristo tunaye Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Afrika Kusini, aliyefariki Desemba 2021. Aliagiza jeneza la bei ndogo kuliko yote, akawekwa kwenye sanduku la msonobari lisilo na mapambo. Mwili wake haukuchomwa moto, uliyeyushwa kwa maji yenye alkali. Hayo ya maji siyaombi kwetu, ardhi ya kuzikia tunayo. Lile sanduku ndilo ninaloliomba.

Bibi tulimtengenezea la msonobari kwa fundi wa kijijini, halikupakwa vanishi, vishikio vikawa kamba za katani. Ndani tulimtandikia khanga zake mwenyewe. Majirani walileta maua waliyochuma uani, mengine yalishaanza kunyauka, na sijawahi kuona maua mazuri kama yale. Upande wa miguuni tukapanda mche wa mkwaju, tukauzungushia miiba. Chupa za maji zilizobaki msibani tulizitoboa vifuniko, tukazifukia kichwa chini kando ya mche, vitako tumevikata. Binamu zangu walikuwa wakizijaza kila Jumamosi hadi mvua za Desemba ziliponyesha.

Shangazi hakukubali siku ile. Lakini kwenye arobaini alifika mapema kuliko sisi sote, akiwa na wajukuu wawili na toroli la mawe kutoka mlimani. Akayapanga mwenyewe kulizunguka kaburi, jiwe kwa jiwe, akipiga magoti. "Angalau pajulikane," akasema. Panajulikana. Hakuna saruji hata kijiko.

Mimi nimeshaandika yangu. Sanduku la msonobari au sanda tupu, wakipenda. Nizikwe ndani ya siku mbili, nisihifadhiwe kwa dawa kwa ajili ya kumsubiri mtu. Shada la plastiki lisishushwe garini. Pesa ya vigae iwalipie wajukuu ada. Mti uwe mkwaju au mbuyu, na kama nitafariki kiangazi, wasubiri mvua ndipo waupande. Karatasi anayo mke wangu, kwenye bahasha moja na hati ya kiwanja, na kaka yangu mkubwa ameisoma akatia sahihi.