Saa nne za usingizi hazimtoshi mzee
Mmeandika kwamba mtu akizeeka hahitaji usingizi mwingi, hata saa 4 zinamtosha. Napinga. Mwenye miaka 65 kwenda juu bado anahitaji saa 7 hadi 8. Kinachobadilika ni kwamba usingizi unakuwa mwepesi, anasinzia mapema na kuamka kabla ya adhana. Mama mkwe wangu, huku Tanga, alianza kukesha baada ya kufiwa na mumewe. Saa 8 usiku unamsikia anaburuza kandambili ukumbini, anapanga vikombe, anavipangua. Mchana chakula hagusi, na kikundi chake cha kufa na kuzikana akakiacha. Majirani wakasema uzee huo, mmoja akaleta vile vidonge vya njano vya mafua "vimlaze". Jamani! Vidonge hivyo kwa mzee ni hatari: vinamvuruga akili, vinamzuia haja ndogo, na akiinuka gizani anaanguka. Zahanati walimpima presha wakamrudisha na panadol. Muuguzi mmoja baadaye ndiye aliyeketi naye, akamuuliza moyo wake ukoje, akampeleka kwa daktari, ikabainika ni sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Kumbe na ile dawa yake ya presha ya kukojosha alikuwa akiimeza jioni. Ikahamishiwa asubuhi, safari za chooni zikapungua. Usingizi haujarudi wote, ila kikundini anakwenda, na kugombana na mweka hazina ameanza tena. Wenzangu mnaotunza wazazi, huko kwenu kuna daktari aliyewahi kumuuliza mzee analalaje?