Elimu ya ardhi Pwani ya Kenya: ni nani hasa anayepaswa kufundishwa?

Katika baraza moja la mafunzo ya ardhi nililohudhuria Kilifi, mama mmoja wa makamo alifungua mfuko wa nailoni akatoa bunda la stakabadhi zilizokunjwa mara nne, nyingine wino wake umeshafifia. Zilikuwa za ijara, yaani kodi ya ardhi, ambayo mumewe, na baba mkwe kabla yake, walimlipa mwenye shamba anayeishi mjini. Alikuwa amezitunza akiamini kwamba ndizo zitakazomwokoa siku atakapofikishwa mahakamani. Mkufunzi, kijana aliyesomea sheria, alizipitia moja moja, kisha akasema kwa upole: "Mama, hizi ndizo atakazozitumia mwenye shamba." Yule mama akamjibu, "Mwanangu, basi tungedhulumu ndiyo tukapata haki?"

Kijana hakukosea. Sheria ya Kenya inamruhusu mtu aliyekaa katika ardhi ya mwingine kwa miaka 12 mfululizo, kwa uwazi na bila idhini ya mwenyewe, kuiomba mahakama imtambue kuwa mmiliki. Anayelipa ijara, hata kama ni kidogo mno, huhesabiwa kuwa yupo kwa ruhusa, na miaka yake haianzi kuhesabiwa. Swali la yule mama limenikaa moyoni, kwa sababu linagusa hoja inayogawanya watu wanaoshughulikia ardhi huku Pwani: je, kuwaelimisha wasio na ardhi kuhusu sheria zake kunapunguza pengo la utajiri, au kunawaonyesha tu vizuri zaidi jinsi walivyofungiwa nje?

Wanaoitetea elimu hii wana historia upande wao. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka wa 1908 ilimtaka kila anayedai ardhi katika mwambao, ule ukanda wa maili kumi uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, apeleke madai yake kwa msajili. Ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Waliojitokeza zaidi ni wale waliojua maandishi na njia za ofisi: familia za Kiarabu, Waswahili wa mijini, wafanyabiashara wa Kihindi na Wazungu. Wamijikenda wengi, wenyeji wa Pwani hii, hawakusajili chochote, na pia watu waliotoka utumwani, ambao utumwa wao ulikuwa umefutwa kisheria mwaka wa 1907 tu, walibaki kwenye mashamba yale yale bila karatasi. Wajukuu wao ndio wanaoitwa maskwota leo, yaani wanaoishi kwenye ardhi wasiyo na hati yake.

Mfano wa karibu zaidi unatia uchungu vilevile. Marekebisho ya sheria za ardhi ya mwaka wa 2016 yaliipa Tume ya Taifa ya Ardhi utaratibu wa kusikiliza malalamiko ya dhuluma za kihistoria, lakini yakaweka miaka 5 ya kuyawasilisha. Muda huo uliisha mwaka wa 2021. Familia ambayo habari hiyo haikuifikia kwa lugha inayoielewa ilikuwa imerudishwa pale pale walipokuwa mababu zake mwaka wa 1908, ingawa Katiba ya 2010 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Sheria za ardhi zenyewe zimeandikwa kwa Kiingereza.

Hata hivyo, hoja ya wanaoitilia shaka elimu hii ni nzito kuliko inavyochukuliwa. Tukisema Wamijikenda walipoteza ardhi kwa kutojua, tunaisafisha sheria iliyowanyang'anya. Wao walimiliki kwa ukoo, na utaratibu wa 1908 ulielekezwa kwa madai ya mtu binafsi. Hata mzee aliyejua kila kifungu angefika kwa msajili akiwa na kaburi la babu yake na mnazi alioupanda baba yake, vitu ambavyo hapo mezani havikuwa na uzito wa hati. Tena wenye mashamba wengi waliwakataza maskwota kupanda minazi, mikorosho na miembe, wakawaachia mahindi na muhogo, kwa kuwa mti wa kudumu ungeweza kuwa dai. Marufuku hiyo iliwanyima mali inayorithiwa, kizazi baada ya kizazi, na hakuna semina inayoweza kuifidia minazi ambayo haikupandwa.

Maarifa pia hayamfikii mmoja peke yake. Mwenye shamba naye anasikia habari ya miaka 12, na ana wakili wa kumwandikia barua mapema. Sheria inamtaka atoe ilani ya angalau miezi 3 kabla ya kumwondoa mkaazi, na miezi 3 si kitu kwa aliyezaliwa hapo. Hata haki inapopatikana, huja na bei. Katika shamba la Waitiki, huko Likoni, Mombasa, lenye ekari 930, serikali ilinunua ardhi na kutoa hati mwaka wa 2016, kisha kila mkaazi akatakiwa kulipa shilingi 182,000. Mvuvi anaweza kuelewa haki yake yote na bado asiwe na fedha hizo.

Sitaki kuwapuuza wenye hati. Wapo walionunua kwa jasho lao, zipo ardhi za wakfu, na wapo wajane Mombasa wanaoishi kwa ijara ndogo ya viwanja ambavyo nyumba zilizo juu yake ni za watu wengine. Hofu yao kwamba mafunzo ya dhuluma huweza kugeuzwa fitina si ya kubuni: mwaka wa 1997, machungu ya ardhi yalitumiwa kuwachochea vijana huko Likoni, na watu wasio na hatia wakauawa. Ila hofu hiyo inanipa sababu ya kuwataka wao pia waketi barazani.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mafunzo niliyoyaona. Humweka asiye na ardhi mbele ya mkufunzi kana kwamba yeye ndiye mwenye upungufu, na humwacha nje mrithi wa ekari mia ambaye pengine hajawahi kuuliza jina la babu yake liliingiaje katika rejista. Elimu ya ardhi inayostahili jina hilo ingeanza na shamba lenyewe walipokaa: lilisajiliwa lini, kwa ushahidi gani, nani walikuwa wakililima siku hiyo, na ijara imeingiza kiasi gani tangu wakati huo. Mwenye shamba, mpimaji, chifu na wanaoishi juu yake wasikilize majibu hayo pamoja, kwa Kiswahili. Yule mama angekuwa na mchango mkubwa katika somo hilo, kwa sababu hesabu ya familia yake yote anayo ndani ya ule mfuko wa nailoni.