Lifti ya baba mkwe

Nimeshushwa sasa hivi hapa Barabara ya 12, magoti bado yanacheza, hebu nipisheni nilalamike.

Luku imekata, bei ya mkaa mnaijua, hayo tuyaache. Leo nazungumzia lifti. Natoka zangu Deep Sea, soko la samaki hapa Tanga, na samaki wangu changu wawili kwenye mfuko, natafuta bajaji, mara piii! Baba mkwe huyo na Vitz yake. "Mkwe, panda!" Sasa mkwe unamkataliaje? Nikapanda kwa adabu zote, mimi pia ni mtu na heshima zangu, nikavuta mkanda. Akaniangalia. "Huniamini?" Nikauachia, nikabaki nimeushikilia kwa mkono.

Mzee ana miaka 78, jicho la kushoto lina mtoto wa jicho, na shingo haigeuki peke yake, ikigeuka inakwenda na mabega, mabega yanakwenda na usukani. Kwa hiyo kila akiniuliza habari za watoto tunahamia upande wa pili wa barabara. Nikaamua kunyamaza. Kosa! Akiona umenyamaza ndo anageuka vizuri akuangalie una nini. Mguu mmoja uko kwenye breki mwingine kwenye mafuta, gari linarukuu linainuka, linarukuu linainuka, baiskeli zote zinaingia mtaroni zenyewe zimeshamzoea. Daladala likitupigia honi anasema vijana hawana adabu.

Trafiki akatusimamisha, nikasema alhamdulillah, nimeokoka. Akainama dirishani: "Shikamoo mwalimu!" Marahaba, tukaondoka. Nusu ya mji huu kaifundisha yeye, nani atamwambia? Leseni kahuisha juzi, ya miaka mitano, piga hesabu mwenyewe.

Nyuma ya gari kuna stika ya majani manne ya rangi rangi, imekuja na gari kutoka Japani, yeye anajua ni ua. Mwanangu kaitafuta kwenye simu, kumbe kule wanabandika madereva wa miaka 70 kwenda juu ili wenzao wasiwachomekee. Yaani gari limetoka kwa mzee likaingia kwa mzee!

Mke wangu anasema mwambie wewe mwanaume. Baba ni wako mama, mimi nimeoa tu.

We! Changu wangu! Nimewaacha siti ya nyuma. Nikimpigia atapokea huku anaendesha, halafu atasema subiri hapo hapo nakuletea.

Basi leo tutakula mlenda.