Viatu Havikupiga Hodi

Balaa lilitoka kwa shemeji yangu aliyeko Muscat. Alimtumia mume wangu picha ya nyumba: sebule, kisha mlango wa vioo ukuta mzima, kisha baraza, sakafu imenyooka toka ndani hadi nje, hujui sebule imeishia wapi. Baba Salma akawa analala na ile picha. Muscat mvua huja kwa nadra, sisi tuko Kigamboni, lakini nani wa kumwambia?

Mimi niliuliza tu kizingiti kiko wapi.

"Kizingiti siku hizi ni ushamba, mama," fundi akanijibu.

Fundi huyo alikuja na mpira wa maji, ule mwembamba unaoonyesha, pamoja na saidia fundi wake, kijana aliyeshika simu kwa mkono wa kulia na kazi kwa wa kushoto. Mpira ule ukijazwa maji, ncha zote mbili husimama usawa mmoja, hata zikiwa kona mbalimbali. Unapiga alama ukutani, halafu unaishusha sakafu ya nje kama sentimita moja kwa kila mita ili mvua ikimbilie uani. Elimu safi kabisa. Ila hewa ikibaki ndani ya mpira, alama zinadanganya bila haya. Kijana aliiona ile hewa. Alituambia baadaye kwamba alidhani mpira umenunuliwa hivyo hivyo.

Zege likamwagwa, vigae vikalala, na majirani wakaja kuusukuma mlango huku na huku kama watoto. Mwezi wa pili, kaskazi ikivuma kutoka baharini, hata mimi nikaanza kulala mchana palepale barazani.

Idi ya 2024 ikaangukia Aprili, masika yamekaza. Alikuja mama mkwe kutoka Pangani, mawifi na watoto wao, na fundi mwenyewe, kaalikwa ili asifiwe. Viatu vikavuliwa barazani, tukaingia, sinia za pilau zikatua. Mvua ikashuka. Tukavuta vioo, tukaitazama. Kusema kweli, ilipendeza, mpaka wifi yangu alipouliza:

"Mbona kandambili zinatembea?"

Zilikuwa zinakuja kwetu. Maji ya baraza zima yameupata mteremko, na mteremko wenyewe umeelekea sebuleni. Tayari yalikuwa yanachungulia kwenye reli ya mlango. Baba Salma akaufungua ili aokoe viatu, na hapo ndipo viatu vilipoingia, vyote, bila hodi. Za fundi zikatangulia. Zinaijua njia.

Watu wakapanda makochi na pilau mikononi. Fundi akachuchumaa, akaangalia kushoto, akaangalia kulia. "Sakafu iko sawa," akasema. "Nyumba ndiyo imeinama." (Mfereji wenye wavu wa chuma, ulio mbele ya mlango leo, ulikuja baadaye, na tuliulipia kama kazi ya ziada.)

Maji yakashika korido, yakapita jikoni, yakatokea mlango wa uani. Mvua ilipokata tukahesabu viatu, ukakosekana mguu mmoja wa mama mkwe. Mtoto wa jirani akauleta akiwa ameuokota kwenye banda lao la kuku. Mama mkwe akaupokea, akaukung'uta, akanigeukia.

"Mama Salma, kiatu changu kimepita sebuleni, koridoni na jikoni. Mimi tangu nifike sijaonyeshwa hata choo."